Misumari Kwenye Mdomo wa Mbeta

Mwaka jana tulimzika Bi Mwanahawa pale Makambako. Nilikuwa miongoni mwa Wakristo wachache tulioketi kwenye mkeka wa wanawake, upande wa ukutani, kanga nimejifunga kichwani kwa namna ambayo marehemu mwenyewe angeifungua na kunifunga upya. Wali ulipoanza kupita nilihesabu sahani, nikahesabu watu, nikarudia sahani, kisha nikamnong'oneza binti aliyekuwa akigawa kwamba upande wa mlangoni watakosa. Akahesabu na yeye, akaona kweli, akaniuliza mimi ni nani wa marehemu. Swali la haki. Undugu hatukuwa nao, ujirani ulishakwisha, dini yake na yangu mbalimbali. Nikamwambia nilikaa kwake mwaka mmoja nilipokuwa msichana. Akasema, mwaka mmoja tu? Sikuwa na jibu fupi, na watu wa mlangoni walikuwa wanamwangalia yeye na sinia lake. Basi jibu refu naliweka hapa, ambako hakuna anayengoja chakula.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Waliokuwa na akili zao wakati huo wanakumbuka: jana yake sabuni ulikuwa unaipangia foleni, na ukiipata unaificha kanga mbili ndani, leo yake sabuni imejaa mezani ya rangi tatu na muuzaji anakubembeleza kama anakuposa. Makambako palipo njia panda, ruksa ilifika kwa lori. Viazi na mahindi yalishuka kutoka Njombe, mitumba ikapanda kutoka Dar es Salaam, na katikati yake walikaa watu wa kila kabila ambao mwaka uliotangulia hawakujua kwamba ni wafanyabiashara. Mimi nilifika na lori la viazi la Mzee Shabani, mume wa Bi Mwanahawa. Alizoea kununua mazao kwetu, na safari hiyo alimwambia kaka yangu kwamba mkewe ameanza kuuza nguo na anatafuta msichana anayejua kuhesabu. Kuhesabu ndicho kitu pekee nilichotoka nacho shule. Habari za ukoo na utoto naziruka. Anayezitaka apande basi la Njombe akaulize. Itoshe kwamba nilimaliza la saba, sikuchaguliwa kwenda sekondari, na wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa na watoto watatu na wa nne njiani. Pale nyumbani kila mtu alishaona mimi ni yaya, isipokuwa mimi. Kaka akaniachia kwa sharti: nijaribu Makambako mpaka baridi iishe, nikishindwa nirudi kulea. Wifi alikubali kama mtu anavyokubali kuazimisha jembe lake, arudishiwe kabla hajalihitaji.

Chumba changu kilikuwa nyuma ya duka. Kilitengwa na chumba chao kwa ukuta wa mabanzi yaliyopigiliwa yakiwa mabichi, yakakauka, kila banzi likashika njia yake. Kupitia nyufa zile niliona taa yao ikipandishwa na kushushwa, na nikasikia mambo ya watu wazima ambayo mengine sikuyaelewa mpaka nilipoolewa. Nililala kati ya belo la sweta za mitumba na belo la mashuka, na nawaambia hakuna blanketi Njombe nzima linaloshinda belo mbili, ukishaizoea ile harufu ya dawa wanayopuliza huko zinakotoka. Chai ya asubuhi ilikuwa na tangawizi ya kumfanya mtu aombe radhi kwa makosa ambayo hajatenda. Wali wa nazi siku ya kwanza nilidhani wamedondosha kipande cha sabuni chunguni. Siku ya pili nilikula kwa heshima. Siku ya tatu nilikuwa nachungulia sufuria kabla wali haujaiva. Mimi nikataka kumlipa kwa kumchemshia viazi na maganda yake, kama tunavyokula kwetu, na chumvi pembeni. Alikitazama kile chakula, akaniuliza kwa upole kama huko kwetu watu wamekosana na jiko.

Alikuwa mtu wa Tanga, mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuita mteja ng'ambo ya barabara bila kuacha kumhudumia aliye mbele yake. Mimi aliniita Mbena, kwa kabila langu. Nilipofungua belo nilihesabu mashati, nikayarudia, naye akaniuliza mbona nimeshahesabu. Nikasema nahakikisha. Akasema unahakikisha au unanishuku? Nikamwambia namshuku shati, mama, si wewe. Akaenda zake, na nikamsikia akimsimulia jirani kibarazani kwamba amepata mtoto anayeshuku mashati. Alisema kama mtu anayesifia, nikaandika moyoni.

Kwa hiyo niliposikia yale maneno ya ukutani yaliniuma zaidi. Mzee Shabani alikuwa amerudi safari, anakula, nami nilikuwa upande wangu nakunja mashuka. Akasema kile kibaraza cha mbele kimeombwa na kijana wa spea za magari, na atakichukua baridi ikiisha. Bi Mwanahawa akamuuliza, na huyu mtoto wa Njombe? Mzee akasema huyo kazi yake kuhesabu. Baridi ikiisha sweta hazitoki, atahesabu nini? Kijiko kikagonga sahani. Halafu nikamsikia Bi Mwanahawa akisema, "Ana mkono." Mumewe akauliza, mkono wa nini. Akajibu kwamba bado hajajua.

Mkono wangu mimi nilikuwa naujua. Asubuhi nilimwambia kibaraza anipe mimi. Akauliza nitapanga nini pale, meno yangu? Nikamwonyesha lile fungu la sweta mbovu lililokuwa kona ya duka. Kila belo lilikuwa na sweta ambazo hata bure hazitoki: kiwiko kimeliwa, kifua kimekutana na pasi ya moto, kola imebaki kama pazia. Alizitumia kuziba upepo chini ya mlango. Nikamwambia hilo fungu ni langu, na kitakachotoka humo kikipata wateja wake wenyewe kabla ya baridi kuisha, kibaraza ni changu. Kisipopata, spea. Alijaribu kunipunguzia, kwamba kibaraza nusu, upande wa mtaroni. Nikasimama na kuanza kukusanya sweta kama vile ameshakubali. Ni mbinu ambayo nimeitumia miaka yote iliyofuata na haijanichakaa.

Sasa niwaeleze nilichokuwa nacho kichwani. Darasa la nne, kwenye sayansi kimu, mwalimu alitufundisha kufuma kwa kile kigurudumu cha mbao kinachobaki uzi wa cherehani ukiisha. Unapigilia misumari minne kuzunguka tundu, unazungusha uzi kila msumari, unazungusha tena juu yake, halafu kwa kitu chenye ncha unaunyanyua uzi wa chini unaupitisha juu ya kichwa cha msumari. Unafanya hivyo msumari kwa msumari, na baada ya muda upande wa chini wa tundu unatoka ukamba laini wa mviringo. Sisi tuliuita mkia wa panya. Ulikuwa hauna kazi yoyote duniani. Wenzangu walifungia nywele, mimi niliufuma mrefu mpaka ukavuka darasa, mwalimu akaniuliza nataka kumfunga nani. Lakini nilikumbuka kitu kimoja: mkia wa panya ni mfuko. Ukikata tundu kubwa zaidi na kuongeza misumari, mkia unanenepa. Unenepeshe vya kutosha, ufunge upande mmoja kwa uzi, una kofia ya mtoto mchanga. Na kwenye baridi ya kwetu, mtoto mchanga asiye na kofia ni kesi ya mama yake kwa kila bibi atakayepita njiani.

Uzi nilikuwa nao fungu zima. Sweta unaitafutia mwisho wake begani, unakata fundo, unavuta, na inakufumukia kama inayotoa siri zake. Unazungusha uzi kwenye goti, unauosha, unautundika na jiwe chini unyooke. Tatizo lilikuwa hilo tundu. Mkebe wa maziwa ya unga ulikata uzi kwa makali yake. Bomba la maji lilikuwa ghali na msumari haukai. Nikapata ruhusa ya siku mbili kwenda Njombe kuwasalimia, na nilipokuwa nashuka njia ya nyuma ya kwetu nikaona mbeta zimetupwa chini ya mianzi ya jirani. Mbeta ni kipande cha mwanzi, kimefungwa na fundo lake upande mmoja, ambacho mgema anakitega kwenye mwanzi uliokatwa ili ulanzi, ile pombe yetu ya mwanzi, udondokee humo. Msimu wa mvua ukiisha mbeta nyingi hutupwa. Jirani akasema nichukue nitakazo. Kitu cha bure mimi nakikagua mara mbili, na zile mbeta nilizikagua: nilitafuta nyufa, nikatafuta wadudu, nikachagua mbili nene kuliko zote za shinani. Wifi akaniuliza msichana anatembea na mbeta kwenda wapi. Nikamwambia naenda nazo Makambako kwa Waislamu, na kwa kuwa hakuweza kuamua kama hiyo inafanya jambo liwe baya zaidi au afadhali, akaniacha.

Fundi viatu wa pale stendi alinikatia lile fundo la chini, na ile misumari yake midogo akanipigilia kuzunguka mdomo. Spoku ya baiskeli niliisugua kwenye jiwe mpaka ikawa na ncha iliyopinda kidogo. Kofia tatu za mwanzo ziliharibika, na kwa kuwa tangu hapo nimewafundisha wanawake wengi, najua kila anayeanza anaziharibu kwa njia ileile. Unaogopa kitanzi kitaponyoka, kwa hiyo unakaza uzi. Ukikaza, spoku haipiti chini yake, unalazimisha, msumari unalegea, uzi unakatika, unalia. Uzi unatakiwa uulegeze kama mtu asiyejali, na chini ule mkia uuvute kila mara kama mtu anayejali sana. Na vitanzi uvihesabu kila mzunguko, kwa sababu ukiruka msumari mmoja hutajua sasa. Utajua kofia ikishakuwa kichwani mwa mtoto wa watu na mstari unafumuka kutoka utosini. Wenzangu waliona kuhesabu mara mbili ni ugonjwa wangu. Pale kwenye mbeta ndipo nilipoona ni fani.

Kofia ya nne ilitoka nzima. Bi Mwanahawa aliivuta huku na huku kwa vidole viwili, akaona inavutika na kurudi, akaipeleka puani. "Inanukia," akasema. "Ni nini hiki?" Nikamwambia ni mwanzi. Aliipenda ile harufu. Akawa mteja akija anampa kofia anuse: mianzi ya Njombe hiyo, mama, si dawa ya belo, mtoto atalala vizuri. Wateja wake wengi walikuwa wake wa madereva na wafanyabiashara wenzake, watu wa Tanga, Kigoma, Kondoa, waliokuja na biashara na hawajawahi kukanyaga kilabu cha ulanzi. Walinusa, wakakubaliana naye. Mimi nilinusa na sikuona lolote, si mwanzi wala si nini. Mwezi wa sita ulipofika kofia zilikuwa zinaning'inia kwenye kamba kibarazani, nyekundu za sweta za shule, kijani, kijivu yenye mstari, na yule kijana wa spea alikuja akasimama akazitazama kwa namna ya mrithi anayeona mgonjwa wake anapona.

Ndipo akatokea Mama Ahadi. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa usharika wetu kule Njombe, mwanamke mrefu aliyetembea kama anayebeba ndoo hata asipobeba, na alikuwa anangoja basi. Akaona kofia, akaniona na mimi, akasema kamwene, nikaitikia kamwene, na kwa kweli ilikuwa raha kumsikia mtu wa kwetu. Akaulizia za wenzangu nyumbani ingawa yeye ndiye aliyekuwa ametoka huko. Halafu akasema kuna Jumapili ya ubatizo inakuja, watoto ni wengi mwaka huu, na angependa wote wavae kofia nyeupe, sare, wapendeze. Tulipatana bei. Hapo sina la kusimulia isipokuwa kwamba aliondoka mara mbili na kurudi mara mbili, na basi lake la kwanza likamwacha. Sweta nyeupe nilizipata kwenye belo moja lililokuja na sweta za wazee wa Ulaya wanaocheza mchezo nisioujua, zimechafuka viwikoni lakini uzi wake ni kama maziwa. Nilifuma mpaka ncha ya kidole ikawa ngumu. Nilihesabu kofia, nikazirudia, nikazifunga, nikampa kondakta. Bi Mwanahawa akasema kanisa zima likivaa kofia zangu, kibaraza hakina mjadala.

Jumapili ikapita. Jumanne, saa za mchana, basi la Njombe likasimama, na Mama Ahadi akashuka na kapu. Hakusema kamwene. Aliketi kwenye kigoda cha wateja, akaweka kapu miguuni, akapewa chai, akainywa yote, kwa sababu chai ya mtu haina kosa. Halafu akasimulia. Kanisa lilijaa. Watoto walivikwa kofia, wakapendeza mpaka watu wakageuka kutazama. Wakati wa kubatizwa wakavuliwa, wakamwagiwa maji, wakavikwa tena kofia kwenye vichwa vibichi, na kwa lile joto la watu na ule unyevu, kikaanza kupanda kitu. Kwanza viti vya mbele, halafu katikati. Kila pua mle ndani ilikuwa ya Njombe, na hakuna pua ya Njombe inayohitaji kuambiwa ulanzi ni nini.

Bi Mwanahawa hakuwa ameelewa bado. Alichukua kofia moja kapuni, akainusa kwa fahari ileile, akasema, "Mwanzi huo, mama. Unanukia."

"Unanuka, mama," akasema Mama Ahadi. "Hiyo ni pombe."

Tofauti ya maneno yale ni herufi moja, na kwenye herufi ile nilimwona Bi Mwanahawa akirudi nyuma miezi yote, mteja kwa mteja. Akaniangalia. Nikachukua kofia, nikainusa kwa nguvu zangu zote, na naapa sikusikia kitu. Pua yangu ilikulia humo. Ni kama kuambiwa nisikie harufu ya maji. Aliiweka kofia chini taratibu, akaenda uani, akanawa mpaka viwiko, kwa sabuni, akarudi akaketi.

"Mbena. Nimeanza kunusa pombe tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tano, mama."

"Na nimekuwa nikiisifia."

"Sana, mama."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, mpaka nilipomwona uso. Lakini Mama Ahadi hakucheka, akaendelea kusimulia. Mbele kabisa siku ile alikuwa ameketi Mzee Ezekia. Wote wa kwetu tulimjua. Alikuwa amewekwa chini ya marudi ya kanisa, ametengwa, mwaka mzima kwa sababu ya ulanzi, na Pasaka ile ndipo alipopokelewa tena, ametubu mbele ya watu wote, na mtu akitubu kwetu anatubu kweli. Mmoja wa watoto wenye kofia nyeupe alikuwa mjukuu wake. Harufu ilipopanda, macho ya kanisa zima yalijua pa kwenda. Mzee mmoja wa baraza akamwendea, akamnong'oneza. Mzee Ezekia alisema yeye amekunywa chai. Akaambiwa atoke kwa heshima tu, tusivuruge ibada. Akatoka. Mjukuu wake, ambaye zamu yake ilikuwa bado, akabatizwa yeye akiwa nje amesimama kwenye upepo, kofia yake mwenyewe ameishika mkononi, kama vile bado yuko ndani. Jioni Mama Ahadi alipombeba mtoto wa bintiye akambusu utosini, ndipo akajua harufu ilitoka wapi. Kofia akazikusanya nyumba kwa nyumba.

"Na kuna jingine," akasema, na sasa alikuwa ananiangalia mimi. Wifi amejifungua. Kaka yangu amesema baridi inaisha na mchezo umeshaonekana, nirudi kulea. Mama Ahadi alikuwa amekata tiketi za viti viwili vya basi la kurudi saa tisa.

Nimekaa katika mapatano mengi tangu siku ile, mengine na watu wenye suti, na bado nadhani lile ndilo nililolifanya vizuri kuliko yote, kwa sababu nilikuwa na umri mdogo na sikuwa na kitu mkononi. Kwanza nilimuuliza, watoto walilia? Akafikiri. Akakubali kwamba hawakulia, hata mmoja, na kwamba mchungaji mwenyewe alishangaa. Nikasema hilo naliweka pembeni, silipigii hesabu. Halafu nikamwambia naona amekuja na mambo matatu: kofia zisizo na harufu, Mzee Ezekia asafishwe jina, na mimi nikae kwenye kile kiti. "Mawili nakupa leo," nikasema. "La tatu hapana."

"Biashara gani hiyo?"

"Ya haki, mama. Mawili ni yako. La tatu umetumwa."

Bi Mwanahawa aliinuka. Akarudi na chetezo cha makaa, akatia udi, akafunika juu yake tenga lililopinduliwa, na kofia zote akazitandaza juu ya tenga kama anavyofukiza nguo za harusi. Moshi ukapita katikati ya vitanzi. Akazigeuza, akatia udi mwingine, hakufanya ubahili, na udi haukuwa rahisi hata miaka hiyo ya ruksa. Mama Ahadi alipewa kofia anuse. Alinusa muda mrefu.

"Sasa zitanuka harusi ya Kiislamu," akasema.

"Harusi na kilabu, mama," akasema Bi Mwanahawa, "kipi kinakaa vizuri kanisani?"

Hapo Mama Ahadi alicheka, na alipocheka nikajua la kwanza limekwisha. Kwa la pili nilikwenda ndani nikaileta mbeta yenyewe, ile nene, na kofia ambayo ilikuwa bado imo, nusu juu ya misumari, nusu inaning'inia tumboni mwa mwanzi. Nikamwambia ampe mchungaji mbele ya baraza la wazee, wote wanuse ndani, waone uzi unavyopita humo mzunguko kwa mzunguko, na wamuulize Mzee Ezekia kama kuna mtu wa kumwomba radhi. Nitasema mapema kilichotokea: walinusa. Nasikia wazee wawili walinusa zaidi ya ilivyohitajika. Jumapili iliyofuata Mzee Ezekia aliitwa mbele kwa jina lake, mchungaji akamshika mkono, na aliyemtoa nje akasimama akasema amekosea. Mimi nilikuwa nimeshahamia kwenye duara la mbao ya msindano lililochongwa na seremala wa pale sokoni. Bi Mwanahawa aliliweka puani kwanza, akalizungusha kote, ndipo akaniruhusu kupigilia msumari wa kwanza. Mzee Shabani alirudi safari akakuta kijana wa spea amepewa upande wa mtaroni, nusu.

Lakini hayo yalikuwa bado. Saa tisa ilikuwa inakaribia, na Mama Ahadi alikuwa ameishika mbeta mapajani. Akaniuliza, si kwa ukali, kwa nini nisiende mwenyewe nikaeleze kwa mdomo wangu, halafu nirudi. Ingekuwa ndiyo adabu.

Nikamwambia, "Nikipanda hilo basi, mama, sitarudi. Unajua."

Aliangalia barabarani. Basi lilikuwa limeshawasha injini, kondakta anaita Njombe, Njombe, na watu wanapitisha mizigo dirishani. Nilikuwa na maneno mengine tayari, nimeyapanga, ya kupunguziana na kuongezana. Sikuyahitaji.

"Mimi nilipanda," akasema.

Hakueleza lini, wala alikuwa anatoka wapi, wala alikuwa anafanya nini huko alikotoka. Alimshukuru Bi Mwanahawa kwa chai, akajitwika kapu, mbeta akaikumbatia kwa mkono mmoja, akavuka barabara kwa ule mwendo wake. Sisi wawili tulisimama kibarazani kutazama. Akaketi dirishani, na kwenye kiti cha pembeni yake akaisimamisha mbeta, wima, misumari juu, kofia nusu ikichungulia. Kondakta akaja. Tulimwona akionyesha juu ya paa, kwamba mianzi inapanda kule na mizigo mingine, watu wamesimama. Tukamwona Mama Ahadi akifungua mkono na kumpa tiketi ya pili, akae nayo vizuri aisome. Kondakta akaisoma, akaiangalia mbeta, akaisoma tena, akapita kwenda kwa abiria wa nyuma. Basi likageuza njia panda likashika barabara ya Njombe, na kiti changu kilikwenda nalo, kimejaa.